Pikapu dhaifu kwa gita lenye tumbo

Wapiga gita wanaonishika mkono baada ya ibada ili waniulize kuhusu pikapu, vile vifaa vya sumaku na koili vilivyo chini ya nyuzi vinavyogeuza mtikisiko wake kuwa umeme, huanza na swali lilelile, karibu wote: "Zina nguvu?" Nawaelewa. Kinanda kikishakumeza na ngoma zikakufunika, unaona dawa ni kuongeza nguvu. Mimi, kwa magita yenye tumbo kama langu, nashauri kinyume. Tafuta pikapu dhaifu kuliko ulizokuwa umepanga, anza na ya shingoni (nyingine hukaa karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea), na kabla hujatoa hata shilingi hakikisha kwamba pikapu ndizo zinazokusumbua, si kitu kingine.

Langu ni nakala ya ES-335. Gibson walitoa gita hilo mwaka 1958, na leo ni kampuni chache za magita zisizo na nakala yake. Kwa nje linaonekana tupu kwa sababu ya yale matundu mawili yenye umbo la herufi f, lakini katikati kuna gogo la mti lililopita kutoka shingoni hadi mkiani. Daraja na pikapu vimekaa juu ya gogo hilo. Mabawa ya pande mbili ndiyo yaliyo wazi. Gogo liliwekwa kwa sababu magita matupu kabisa yalikuwa yakivuma ovyo mara ampu inapoongezwa. Jina lililo kichwani mwa gita langu sitalitaja, maana pikapu zilizokuja nalo nitazisema. Nililinunua kwa mkono wa pili kutoka kwa mpiga ridhim aliyekuwa anahamia Mombasa, na mbao zake sina neno nazo.

Napiga nalo sehemu mbili. Jumapili ni kanisani Umoja, hapa Nairobi. Jumamosi usiku ni rumba na benga za zamani na bendi yetu ndogo, kwenye baa ya nyama choma upande wa Thika Road, ambako watu hawainuki kucheza hadi washibe. Kwenye ridhim sikuwa na shida. Shida ilikuwa solo. Nikiweka swichi ya kuchagua pikapu shingoni, nyuzi nene zilivimba na kuzifunika nyembamba. Sebene, ile sehemu ya rumba ya gita kukimbia, ikianza, kile kinachotakiwa kudondoka punje moja moja kilitoka kama uji. Mpiga besi wetu, mtu asiye na subira, alinigeukia katikati ya wimbo: "Dada, besi hapa ni moja."

Sasa, kabla ya kununua. Kuna vitu vitatu ambavyo kuvikagua ni bure au karibu na bure, na ninashangaa jinsi watu wanavyoviruka.

Cha kwanza ni kebo. Kebo ya gita huhifadhi umeme kidogo kati ya waya wa ndani na wavu unaouzunguka, na kipimo cha kawaida ni kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Kanisani kebo yangu ilikuwa inazunguka nyuma ya kinanda, inapita chini ya zulia la madhabahu, inaibukia kwenye ampu upande wa pili. Mita kumi hivi, yaani pikofaradi 1,000. Pikapu na kebo hufanya kazi pamoja: vikikutana, kuna sehemu moja ya sauti inayoinuka, na juu ya hapo kila kitu kinakatwa. Pikapu ya henri 4 (henri ni kipimo cha koili), ambayo ni ya kawaida kwa aina hii, ikibebeshwa jumla ya pikofaradi 1,000 huinuka karibu na hezi 2,500. Punguza mzigo hadi 400, inapanda hadi karibu 4,000. Tofauti hiyo masikio yoyote yanaisikia, na ndiyo tofauti ambayo watu huifuata kwa kununua pikapu. Sogeza ampu karibu, nunua kebo ya mita tatu, au weka pedali yenye bafa, saketi inayozuia kebo kuibebesha pikapu mzigo, mwanzoni mwa njia. Ukipona hapo, funga ukurasa huu ukapige gita.

Cha pili ni kimo. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho kabisa, halafu pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu. Gibson hupendekeza milimita 2.4 shingoni na 1.6 darajani. Yangu ya shingoni ilikuwa imepandishwa hadi karibu kugusa. Niliishusha kupita kipimo, hasa upande wa nyuzi nene, na nusu ya uvimbe ikaondoka kwa bisibisi tu. Nusu.

Cha tatu ni zile poti nne, yaani vikinzani vya kugeuza, chini ya vifundo vya sauti na toni. Pikapu za koili mbili hutaka poti za kilo-ohmu 500. Ukiweka za 250, trebo, yaani sauti za juu, inavujia huko. Na hata poti iliyoandikwa 500 inaruhusiwa kukosea asilimia 20, kwa hiyo 400 ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba huwezi kuzipima vizuri zikiwa zimeunganishwa, na kwenye gita hili kuzitoa ni kazi. Nitafika huko.

Basi, tuseme umefanya hayo yote na bado sauti inaziba, kama ilivyokuwa kwangu.

Pikapu ninazozungumzia ni hambaka, zile za koili mbili. Seth Lover wa Gibson aliombea hati ya uvumbuzi mwaka 1955 na akaipata 1959. Za miaka ile zilibandikwa kibandiko cha kusema hati imeombwa, na leo watu hulipa pesa za shamba kuzipata. Ujanja wake ni kwamba koili moja imegeuzwa kinyume cha nyingine, kwa usumaku na kwa mzunguko. Mngurumo unaotoka kwenye nyaya za umeme, ambao kwetu Kenya ni wa hezi 50 na wajukuu wake (100, 150 na kuendelea), huingia kwenye koili zote mbili na kujiua wenyewe. Sauti ya nyuzi hujumlishwa. Yeyote aliyepiga gita la koili moja kanisani, chini ya taa za rangi na kando ya projekta, anajua kwa nini sitaki kurudi huko. Ndiyo maana P-90, pikapu za koili moja za Gibson, niliziacha, ingawa kwa sauti nazipenda. Filter'Tron za Gretsch, ambazo nazo ni za koili mbili, zilinitia majaribuni zaidi: koili zake ni ndogo, sauti inatoka nyembamba na safi, na kwa benga zinafaa sana. Ila nilitaka pia ridhim nene ya rumba, na huko naona hambaka ya kawaida inashinda.

Ukianza kutafuta, tangazo litakupa namba moja kubwa: kilo-ohmu. Hapo ndipo swali la "zina nguvu?" linapozaliwa. Ukweli ni kwamba ohmu zinakuambia urefu na wembamba wa waya, basi. Waya wa kawaida wa hambaka ni geji 42, milimita 0.063 hivi, na kila koili ina mizunguko kama 5,000. Mtengenezaji akitumia waya mwembamba zaidi, ohmu zinapanda bila mzunguko hata mmoja kuongezeka. Hata hali ya hewa inaingia: shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pikapu inayosoma 7.5 asubuhi ya Julai, nyuzi 14, utaipima mchana wa Februari, nyuzi 27, isome karibu 7.9. Mtu anayebishana nawe mtandaoni juu ya 7.6 na 7.8 mpe soda anywe.

Lakini namba hiyo si ya kutupwa kabisa. Ukilinganisha pikapu mbili zenye waya wa aina moja, yenye ohmu nyingi ina mizunguko mingi. Mizunguko mingi inaleta sauti kubwa na, papo hapo, inashusha kile kilele nilichokisema kwenye kebo. Nguvu inalipiwa kwa trebo. Kwa mtu wa roki mwenye gita la ubao mzima na ampu iliyochacha hadi inakwaruza, hiyo ni biashara nzuri. Kwa gita lenye tumbo, linalopigwa safi, ni hasara mara mbili, kwa sababu tumbo lenyewe tayari linaongeza besi. Na shingoni ni mbaya zaidi: hapo uzi unayumba kwa upana kuliko darajani, kwa hiyo pikapu ileile ikiwekwa shingoni hutoa sauti kubwa na nene zaidi. Pikapu zangu za zamani, zote mbili zilisoma juu ya 9. Ya shingoni haikuwa na sababu yoyote ya kuwa hivyo.

Kwenye sumaku nitapita haraka, maana hapa watu hupiga porojo nyingi kuliko tofauti yenyewe. Alniko ni aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Alniko 2 ni laini, besi yake haina ubabe. Alniko 5 ina nguvu zaidi, besi iliyokazana na trebo inayochoma kidogo. Seramiki ina nguvu kuliko hizo, na ndiyo iliyotumika kwenye Super Distortion ya DiMarzio, pikapu ya mwaka 1972 iliyotengenezwa makusudi ili kuikoroga ampu. Kama jina tu halikukuambia si yetu, basi nakuambia mimi.

Kitu ambacho hakisemwi vya kutosha ni kifuniko. Kile cha aloi ya shaba, nikeli na zinki hakiizuii sauti sana. Cha shaba nyeupe ya bei rahisi, yaani brasi iliyopakwa kromu, huzalisha mikondo ndani yake na kula trebo. Pikapu nyingi za bei ya chini zimevalishwa brasi. Vyote viwili vinang'aa sawasawa dukani, kwa hiyo uliza.

Halafu kuna nta. Pikapu nyingi siku hizi huchovywa kwenye nta ya moto ili koili zisitikisike. Watu wa magita yenye tumbo huambiwa: lazima iwe na nta, la sivyo gita litapiga kelele. Sikiliza kelele yenyewe kwanza. Kuna ile ya "wiiii" kali ya juu. Hiyo ni koili au kifuniko kinachotikisika, na nta inaiponya. Kuna ile ya "uuuu" ya chini inayoanza taratibu ukisimama mbele ya spika. Hilo ni tumbo la gita linaitikia spika, na hata ungechovya pikapu kwenye nta mwaka mzima haitasikia. Yangu ilikuwa ya pili. Nilikata masalio ya godoro, nikaziba tundu la f la upande wa chini kwa ndani, na nikasogea pembeni ya spika. Imekwisha. Kwa kuwa sipigi na sauti ya kuchacha, pikapu isiyo na nta hainitishi.

Uamuzi wangu ukawa huu: shingoni Seth Lover ya kampuni ya Seymour Duncan, iliyopewa jina la mzee mwenyewe. Alniko 2, kilo-ohmu kama 7.2, kifuniko cha aloi ya nikeli, haina nta. Darajani '59 ya kampuni hiyohiyo, alniko 5, kama 8.1, yenye nta. Ya darajani niliiacha iwe na nguvu kidogo kwa sababu huko uzi hautikisiki sana, na nilitaka swichi ikiwa katikati, mahali ninapokaa kwa ridhim karibu usiku mzima, pande mbili zilingane. Kuchukua zote kwa kampuni moja kulinipunguzia wasiwasi mwingine: ukichanganya kampuni, moja inaweza kuwa kinyume cha nyingine, na ukiziwasha pamoja unapata sauti ya puani isiyo na besi. Inarekebishika kwa kugeuza waya ikiwa pikapu ina nyaya nne. Seth Lover ina waya mmoja na wavu, na wavu umeshikana na kifuniko, hivyo kugeuza si kazi ya dakika mbili.

Kama pesa haitoshi, na najua pikapu mbili za Marekani zikishalipiwa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 zinaumiza, kuna njia ya mkato ambayo ningeijaribu kwanza. Pikapu yako ya shingoni ikiwa na nyaya nne, fundi anaweza kuziunganisha koili zake sambamba badala ya mfululizo. Kilo-ohmu 8 zinakuwa 2, sauti inapungua, trebo inafunguka, na bado mngurumo unajiua. Ya kwangu ya zamani ilikuwa na waya mmoja, mlango huo ukawa umefungwa. Zangu mpya zililetwa na binamu yangu aliyekuwa anarudi nyumbani likizo, zimefungwa katikati ya viatu.

Kabla ya kuagiza pima pia upana: kutoka uzi mnene hadi mwembamba, pale pikapu inapokaa. Kuna za milimita 49 na 50 hivi, na kuna za 52 na zaidi. Yangu ilikuwa 50 shingoni na karibu 52 darajani. Milimita moja pembeni haidhuru mtu.

Fundi wangu yuko ghorofani, nje kidogo ya River Road, kwenye chumba ambacho nusu ni ampu za matatu na nusu ni magita. Ni mzee wa makamo, ameshona nyaya za magita tangu siku ambazo bendi zilikuwa zinarekodi mtaa huohuo. Alipoliona gita alisonya.

"Msichana wangu, hili halina mlango nyuma."

"Najua, mzee. Ndiyo maana sikuligusa."

Magita ya ubao mzima yana kifuniko nyuma. Unafungua, unalehemu, unafunga. Hili kila kitu kiliingia kupitia tundu, na kitatoka kupitia hilohilo. Angeweza kukata waya wa zamani kwenye shimo la pikapu na kuunganishia hapo bila kuvuta poti, na kama poti zako ni nzima mwambie fundi afanye hivyo. Mimi nilitaka zipimwe. Zikapimwa: moja 310, nyingine 340, mbili zilizobaki hazikuwa na tofauti kubwa. Kwa hiyo hata pikapu mpya zingeziba.

Poti tulizipata Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki. Hapo kuna jambo la kuangalia. Zilizo na B kabla ya 500K ni za mstari ulionyooka: kwenye kifundo cha sauti, ukigeuza kidogo tu kutoka sifuri karibu sauti yote inaingia ghafla. A ndizo zinazopanda kwa kufuata sikio. Siku hiyo B zilijaa kila duka na A ilibidi tuzungukie. Poti za Marekani pia zina shingo ya milimita 9.5, na gita la Asia limetobolewa 8 au chini ya hapo; chukua ndogo, usimwache mtu apanue mbao.

Kuziweka ndiko kulikonifurahisha kutazama. Mzee alikata mpira wa dripu vipande vinne, akavika kila kipande kwenye kijiti cha poti, upande wa pili akaupitisha kwenye tundu la kifundo kutoka ndani hadi nje. Akaingiza kifurushi chote cha poti na nyaya kupitia tundu la f, kimoja kimoja, kidole chake kidogo kikisukuma, akawa anavuta mipira polepole kutoka juu. Poti ya tatu iligoma, ikajifunga kwenye waya wa swichi. Hakuivuta. Aliirudisha ndani, akalitikisa gita taratibu upande, akasikiliza, akavuta tena, na kijiti kikachungulia. Jeki, tundu la kuchomekea kebo, aliivuta kwa uzi wa kushonea viatu uliofungwa kwenye plagi kuukuu. Kabla ya kufunga chochote alichomeka kebo, akagonga kila pikapu kwa ncha ya bisibisi kuona swichi inaitikia wapi. Hiyo hatua idai, hata fundi wako akikuona msumbufu, kwa sababu kurudia kazi hii ni kulipa mara mbili.

Sauti? Shingoni nyuzi nene sasa zina mwanzo na mwisho, na nyembamba zinatoka na mviringo bila kufunikwa. Gita limepungua ukubwa wa sauti, hilo lisikushtue. Ampu niliisogeza namba moja na nusu juu na hakuna aliyegundua. Katikati ndipo nilipopata zaidi ya nilichotafuta: ridhim ina kamlio ka kengele ambacho zamani nilikitafuta kwa pedali. Darajani sijaridhika kabisa. '59 inachoma kidogo kwenye spika za ile baa, na nimeishusha, nimepunguza toni, bado nafikiria kuibadilishia sumaku iwe alniko 2. Mpiga besi hajasema kitu, na kwake hiyo ni sifa.

Kazi yote mzee alinitoza 2,500 bila poti. Ukimpelekea lako, nenda na nyuzi mpya, maana zilizopo atazikata bila kukuuliza, na ukitaka pikapu zako za zamani zirudi mwambie mapema. Zangu nilizikuta tayari zimeshapata gita lingine ukutani.